Sifo na Takriri katika Picha za Wapanda Miti

Makala hii inachunguza jinsi picha za wapanda miti zinavyomjenga mhusika shujaa. Mfano unaozingatiwa ni picha za Rita Leistner, mpigapicha wa Kanada, zilizochapishwa mwaka 2021 katika kitabu Forest for the Trees. Leistner aliwahi kupiga picha za vita nchini Iraki. Kabla ya hapo alikuwa mpanda miti yeye mwenyewe.

Mandhari ya picha hizo ni British Columbia, kwenye miteremko iliyokatwa miti ikabaki visiki na magogo. Mpanda miti hufunga mifuko ya miche kiunoni, akakita koleo ardhini, akainama, akatia mche, akashindilia udongo, akasonga mbele. Kwa siku moja huweza kulirudia tendo hilo zaidi ya mara 1,000. Malipo yake huhesabiwa kwa mche.

Katika ushairi simulizi, sifo humweka shujaa mbele ya hadhira na kuyakuza matendo yake. Picha hizi nazo hufanya vivyo hivyo. Kibarua aliyetapakaa tope humulikwa akatokeza kama mpiganaji wa tendi. Hadhi ambayo jamii humnyima, kamera humpa.

Hata hivyo, sifo ina upungufu wake. Shujaa husifiwa kwa tendo lisilo la kawaida, ilhali kibarua huchoshwa na tendo la kawaida lisilokoma. Uzito wa kazi hii umo katika takriri, nayo picha moja hunasa mara moja tu. Hivyo, msomaji hana budi kuitafuta takriri hiyo mwilini mwa mhusika: katika mgongo uliopinda, na katika tope bichi lililoganda juu ya tope kavu.

Suala hili linaigusa Kenya pia. Wangari Maathai alipoasisi Green Belt Movement mwaka 1977, wanawake wa vijijini ndio waliootesha miche, wakapewa malipo madogo kwa kila mche uliostawi. Picha inayokumbukwa na wengi, lakini, ni ya Maathai.

Kwa kuhitimisha, sifo isiyoandamana na takriri humpa kibarua ushujaa na kuuficha ujira wake. Anayeisoma picha ya mpanda miti aihesabu pia miche isiyoonekana.