Pima nini, tosha nini? Kiswahili cha maelekezo ya bodi ya kuchajia betri, kwa kumwangalia fundi wa Lubutu

Bodi yenye chipu ya TP4056 ni ndogo kuliko kidole gumba cha mtu mzima. Hupokea umeme wa volti 5 na kuchaji betri moja ya lithiamu, ya jamii ya zile za simu na tochi, hadi ifike volti 4.2, kisha inasimamisha chaji. Anayetaka kujaribu namna chipu inavyosimamia umeme hapati bodi rahisi zaidi ya hiyo. Imeandikwa IN+ na IN- upande wa kuingilia umeme, B+ na B- upande wa betri, na zile zenye kinga huwa pia na OUT+ na OUT-. Maandishi yanaishia hapo. Mengine yote fundi ayapate kwa maelekezo ya mtu mwingine, na maelekezo ni lugha.

Makala haya yanauliza swali moja: fundi wa Lubutu akiandikiwa maelekezo ya bodi hiyo, aandikiwe Kiswahili kipi? Lubutu iko kaskazini mwa Maniema, kwenye barabara inayotoka Kisangani kwenda Bukavu. Kikumu ni lugha ya wenyeji, Kiswahili ni cha wote, Kifaransa ni cha shule, na Lingala haiko mbali. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 1, inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Juu ya maltimita haikusema neno.

Tuanze na kitenzi kinachoonekana hakina hatari: kutosha. Katika Kiswahili sanifu ni kuwa na kiasi kinachohitajika. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, kutosha ni kutoa, kuondoa: mtu "anatosha" viatu, "anatosha" makuta mfukoni. Kimaumbo hakuna ajabu, maana ni kitenzi toka kilichopewa kiambishi cha usababishi, kama waka inavyozaa washa. Sasa tutunge sentensi ya mwongozo: "Chaji ikitosha, tosha betri." Msomaji wa Dar es Salaam atasimama kwenye neno la tatu. Wa Lubutu ataelewa la tatu upesi, lakini la pili litamfanya arudi nyuma: ni nani anayeitosha chaji, na kuipeleka wapi? Pendekezo letu ni kuliacha neno hilo kabisa, pande zote mbili. "Ikijaa, ondoa" inaeleweka Kindu na inaeleweka Tanga.

Neno la pili si la kuchekea. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, courant ya Kifaransa ni umeme wote kwa jumla: courant imekuja, courant imekatika. Katika fizikia hiyohiyo ya Kifaransa, courant ni mkondo tu, kitu kinachopimwa kwa ampea, tofauti na volti. Mwalimu akiandika "pima courant ya betri", amesema mambo mawili kwa pumzi moja. Kupima volti, nyaya mbili za maltimita hugusa ncha mbili za betri. Kupima ampea, maltimita yenyewe huingizwa njiani ili mkondo upite ndani yake, na kwa sababu hiyo ukinzani wake ukiwa kwenye ampea ni mdogo mno. Anayeiweka kwenye ampea kisha akagusa ncha mbili za betri ya lithiamu amefanya shoti. Fyuzi ya maltimita ikikatika, ana bahati. Ndiyo maana tunaona kosa hapa si la msamiati peke yake. Kitenzi pima kinataka yambwa iliyo wazi, na yambwa "umeme" haina uwazi wowote kuliko courant. Aandike "volti" au aandike "ampea", hata kama karatasi itakosa ufasaha.

Kuongeza nako kuna mtego. Chipu hii huambiwa kasi ya kuchaji kwa rezista moja: ya kiloomu 1.2 huruhusu takriban ampea 1, ya kiloomu 4 takriban miliampea 300. Betri ikiwa ndogo, rezista iwe kubwa. Lakini "ongeza rezista" yaweza kumaanisha weka yenye thamani kubwa, au weka nyingine kando ya ile iliyopo. Akiweka nyingine sambamba, ukinzani wa jumla unapungua na mkondo unapanda: matokeo ni kinyume cha alichoambiwa. "Badilisha" inaondoa utata huo.

Paneli inayoitwa "ya volti 12" nayo iandikwe kwa uangalifu. Hilo ni jina la ukoo, si kipimo: juani, bila mzigo, hutoa zaidi ya volti 18, na TP4056 haivumilii zaidi ya 8. Anayelisoma jina kama kipimo ataona pengo dogo. Anayepima ataona bodi inakwenda kufa.

Mpangilio wa sentensi tunaupitia haraka. "Unganisha chanzo baada ya kuunganisha betri" ni sahihi kisarufi, ila mkono husikia tendo la kwanza kwanza. Kisha na halafu vinatosha (kwa maana ya Dar es Salaam).

Haya ndiyo maelekezo tunayopendekeza, yajadiliwe:

Weka maltimita kwenye volti. Pima chanzo: kiwe volti 5. Kizime. Unganisha betri: chanya kwenye B+, hasi kwenye B-. Angalia tena, maana ukigeuza, chipu inaungua. Kisha unganisha chanzo kwenye IN+ na IN-, halafu kiwashe. Taa nyekundu: betri inachajiwa. Taa ya buluu au ya kijani: imejaa. Chipu ikipata moto kidogo, ni kawaida yake. Betri ikipata moto au ikivimba, zima chanzo mara moja. Ikijaa, zima chanzo, kisha ondoa betri.