Palma Ipi? Huduma ya Jiokodi na Wajibu wa Kuhakiki



Ndugu zangu wasomaji, somo la toleo hili linawahusu wanaotengeneza programu za wavuti, hasa wale ambao misikiti na jumuiya huwaomba watengeneze daftari la kompyuta la wanaostahiki zaka na sadaka. Daftari la namna hiyo huhitaji ramani, maana gari la chakula lazima lijue linakwenda wapi.

Mfano nimeuchukua pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Huko wengi ni ndugu zetu Waislamu, wasemaji wa Kimwani na Kiswahili, na tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, watu laki kadhaa wa mkoa huo wamehama makwao. Tena, majina ya miji yake huipoteza kompyuta kwa urahisi mno.

Jiokodi ni nini?

Jiokodi ni kazi ya kugeuza jina la mahali kuwa namba mbili. Latitudo huonyesha umbali wa kaskazini au kusini ya Ikweta; longitudo huonyesha umbali wa mashariki au magharibi. Mji wa Palma, karibu na mpaka wa Tanzania, uko takriban latitudo -10.77 na longitudo 40.47. Alama ya kutoa maana yake ni kusini ya Ikweta.

Kazi hii si ngeni katika historia yetu. Mwaka 416 Hijria (1025 Miladia) Al-Biruni alikamilisha kitabu chake Tahdid Nihayat al-Amakin, ambamo alishughulikia vipimo vya mahali pa miji na mwelekeo wa kibla cha Ghazna. Yeye alipima na kukokotoa mwenyewe. Sisi tunaiuliza seva na kupokea jibu kwa nukta moja, na hapo ndipo penye hatari.

Majina yanavyopoteza

Ukiandika "Palma" peke yake, huduma nyingi zitakupeleka Hispania, kwenye mji wa Palma wa kisiwa cha Mallorca. Ukiandika "Pemba", unaweza kupelekwa kisiwa cha Zanzibar badala ya mji mkuu wa Cabo Delgado. Kati ya Pemba hizo mbili pana zaidi ya kilomita 800. Mzee anaweza kuutaja mji huohuo kwa jina la kikoloni, Porto Amélia. Mocímboa nazo ni mbili: Mocímboa da Praia iko pwani, na Mocímboa do Rovuma iko bara.

Kisha kuna tahajia. Msemaji wa Kiswahili ataandika Kionga, Kisanga na Kirimba. Ramani ya Msumbiji inafuata Kireno: Quionga, Quissanga, Quirimba. Basi usitegemee huduma ya nje pekee. Tengeneza jedwali lako la majina mbadala, na programu ilisome kwanza kabla ya kuuliza popote.

Kuunganisha na Django

Nimetumia kiunzi cha Django kwa sababu wanafunzi wengi wanakijua. Tangu toleo 1.0 la mwaka 2008, ndani yake mna GeoDjango, sehemu inayohifadhi nukta za ramani na kupima umbali. Lakini GeoDjango haigeuzi jina la kijiji kuwa nukta. Kwa kazi hiyo tunaongeza maktaba ya geopy, nayo inaweza kuuliza Nominatim, mtambo unaosoma data ya ramani huria ya OpenStreetMap. Hatua ni hizi:

1. Mawasiliano yote na huduma hiyo yaweke katika faili moja, mathalan jiokodi.py. Ukibadilisha huduma kesho, utagusa faili hilo tu.

2. Wekea utafutaji mipaka. Taja nchi kwa country_codes="mz", kisha chora kisanduku kwa viewbox: longitudo 39 hadi 41, latitudo -13.5 hadi -10.3, na uweke bounded=True. Mallorca na Zanzibar zitatoka. Nchi lazima uitaje, kwa kuwa kisanduku kinagusa pia upande wa Mtwara.

3. Tekeleza masharti. Seva ya umma ya Nominatim hairuhusu zaidi ya ombi 1 kwa sekunde, inataka programu ijitambulishe, na inakataza kutumiwa kupendekeza majina wakati mtu anaandika. Ndani ya geopy mna RateLimiter ya kupunguza kasi. Ukitumia huduma ya mtu umekubali masharti yake, na Muislamu hutimiza ahadi.

4. Hifadhi majibu katika kanzidata, ili jina lililokwisha kuulizwa lisiulizwe tena. Maswali yenyewe yapange foleni yafanyike nyuma ya pazia. Mwandikishaji mwenye mtandao dhaifu asisubirishwe na fomu.

5. Angalia mpangilio wa namba. Katika GeoDjango, Point hupokea longitudo kwanza. Ukizigeuza, Palma itaangukia bahari ya Atlantiki, magharibi ya Ureno, na programu haitalalamika.

Jibu la seva ni habari

Hapa ndipo kiini cha somo. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatufundisha kuhakiki habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Jibu la jiokodi ni habari iliyoletwa na msimulizi asiyeijua Palma. Hata ukiweka mipaka yote niliyoitaja, Mocímboa zote mbili zimo ndani ya kisanduku. Kompyuta haiwezi kujua mama aliyeandikishwa alikusudia ipi.

Kwa hiyo kila rekodi iwe na sehemu hizi: jina kama mhusika alivyolitamka, nukta iliyopendekezwa, chanzo chake, hali yake (imehakikiwa au bado), na aliyeihakiki. Programu ionyeshe majibu matatu au manne pamoja na jina la wilaya, na mtu anayelijua eneo achague. Jibu lisipopatikana, nafasi ibaki wazi. Usiruhusu programu iweke kimyakimya nukta ya makao makuu ya wilaya, kwani gari litafika mjini na familia iko kijijini.

Tenganisha pia "anakotoka" na "alipo sasa". Baada ya shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021, watu walikimbilia Quitunda, Pemba na kwingineko. Mtu wa Palma aliyeko Pemba, akiulizwa kwao ni wapi, atasema Palma. Fomu yenye nafasi moja itapeleka unga mahali alipopakimbia.

Nukta ya mtu ni amana

Sote tunaijua aya ya 58 ya Suratun Nisaa kuhusu amana. Mahali anapolala mkimbizi ni miongoni mwa amana hizo, na katika nchi yenye vita orodha ya mahali hapo inaweza kuua. Kwa huduma ya nje peleka jina la kijiji tu; usipeleke kamwe jina la mtu wala namba ya simu. Mkiweza, wekeni Nominatim kwenye seva yenu pamoja na data ya Msumbiji pekee, ili maswali yenu yasitoke nje. Ramani mtakayowaonyesha wafadhili iwe na hesabu ya kila wilaya bila nukta za nyumba. Na mgao ukiisha, futeni mahali msipopahitaji tena.

Zoezi

Chukua majina haya: Palma, Pemba, Kionga, Mocímboa, Porto Amélia. Yaulize kwanza bila mipaka, kisha kwa mipaka ya hatua ya 2. Andika ni yapi yamebadilika, ni yapi hayakupatikana, na ni lipi bado linahitaji binadamu wa kuuliza, "Ipi, bibi?" Jadilini majibu katika darsa lenu la wiki.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.