Dondoo muhimu: Skrini ya laptopu ikipasuka

Mwanafunzi wa Rongo au Homa Bay asikimbilie kununua laptopu nyingine kwa sababu ya ufa. Iunganishe kwanza na televisheni kwa waya wa HDMI: picha ikitokea safi, huenda kilichoharibika ni skrini tu. Fundi aifungue, asome namba iliyobandikwa mgongoni mwa skrini na ahesabu pini (mara nyingi 30 au 40) kabla hujalipia nyingine iagizwe Nairobi.

Utaambiwa mashine kuukuu haistahili gharama. Nakubali, iwapo skrini pamoja na ufundi vinapita nusu ya bei ya laptopu nzuri iliyotumika, au betri imevimba. Ila hiyo iliyotumika nayo yaweza kuja na betri iliyochoka na kasoro usizozijua. Ukiiacha ya zamani, toa diski yenye kazi zako.