Generals Zero Hour Ndani ya Linux: Somo Fupi kwa Wenye Mashine za Zamani

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Wanachuo wengi tuna kompyuta mpakato za mtumba ambazo Windows 11 inazikataa, na boom halitoshi kununua mashine mpya. Baadhi yetu tumehamia Linux. Swali la kwanza analoulizwa aliyehama halihusu Word wala Excel. Huulizwa: "Sasa Generals utachezea wapi?"

Jibu ni humo humo. Na ukielewa kwa nini inawezekana, umepata zaidi ya gemu.

Mkalimani anaitwa Wine

Command & Conquer: Generals ilitoka mwaka 2003, na nyongeza yake, Zero Hour, ikafuata mwaka huo huo. Ziliandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo Linux peke yake haizielewi. Hapo ndipo inapoingia Wine, programu iliyoanza kutengenezwa mwaka 1993. Wine haijifanyi kompyuta nyingine. Kazi yake ni ukalimani: gemu likiomba kufunguliwa faili kwa lugha ya Windows, Wine inalipeleka ombi hilo kwa Linux na kurudisha jibu. Zero Hour inachora picha kwa Direct3D 8, nayo Wine huyageuza maagizo hayo kuwa OpenGL, ambayo hata mashine za zamani nyingi zinaifahamu.

Hatua ya 1: Lipe gemu chumba chake

Usirundike kila kitu sehemu moja. Ingia kwenye folda yenye kisakinishi, fungua dirisha la amri, uandike:

WINEPREFIX=$HOME/zerohour wine setup.exe

Amri hiyo inaunda folda yenye diski C ya bandia. Gemu likiharibika, unafuta chumba hicho tu na vingine vinabaki salama. Kila unapoliwasha, taja chumba hicho hicho. Kumbuka pia kwamba Generals lazima iwepo kabla ya Zero Hour, na modi nyingi zinataka Zero Hour toleo 1.04.

Hatua ya 2: Faili la Options.ini

Wengi wanakwama hapa. Gemu linawaka, kisha linazima na kudai kuna tatizo kubwa. Mara nyingi kinachokosekana ni faili dogo la maandishi liitwalo Options.ini, ndani ya folda ya Documents, kwenye folda ya Command and Conquer Generals Zero Hour Data. Nakili la rafiki ambaye gemu lake linacheza, kisha rekebisha mstari wa ukubwa wa skrini, mfano: Resolution = 1024 768.

Hatua ya 3: Modi

Kwanza cheza gemu likiwa tupu. Likikubali, nakili folda yake nzima, ndipo uweke modi kama ShockWave au Rise of the Reds kwenye nakala.

Sasa zingatia herufi. Kwa Windows, Data na data ni folda moja. Kwa Linux ni mbili tofauti. Ukifungua modi yenye folda ya data juu ya gemu lenye Data, utabaki na folda mbili zinazokaa jirani, na gemu linaweza kusoma moja na kuiacha nyingine. Modi itaonekana imewekwa, lakini vifaru ni vile vile vya zamani! Dawa yake ni kuhamishia mafaili yote kwenye folda moja. Pia usibadilishe majina ya mafaili ya .big. Alama ya mshangao mwanzoni mwa jina imewekwa makusudi, ili faili la modi lipewe kipaumbele kuliko la gemu.

Tahadhari

Mtaani wanasema Linux haishiki virusi. Si kweli kabisa, na Wine kwa kawaida inaionyesha diski yako yote kwa jina la Z. Gemu la wizi kutoka fleshi ya mtu usiyemjua linaweza kufikia hadi tasnifu yako. Tumia nakala halali. Mwaka 2025 Electronic Arts ilitoa hadharani msimbo wa Generals na Zero Hour, lakini picha na muziki havimo, hivyo gemu lenyewe bado unalihitaji.

Kwa nini mwalimu ajali

Sisi wa elimu tutapangiwa shule zenye kompyuta zilizochoka na CD za masomo za miaka ya 2000. Njia ni hii hii: chumba kimoja kwa programu moja, jaribu ikiwa tupu, badilisha kitu kimoja kwa wakati, soma ujumbe wa kosa kabla ya kukata tamaa. Mashine ambayo mkuu wa shule alishaiandika mbovu inaweza kufundishia tena kidato kizima.

Jaribuni wikiendi hii. Wiki ya UE, iacheni kwanza.