Bakteria Walinzi: Istilahi na Maradhi ya Ngozi ya Vyura

Makala haya yanaliangalia neno moja, bakteria, na jinsi mazoea ya matumizi yake yanavyoifunika elimu mpya ya vyura. Vitabuni na katika mabango ya zahanati, neno hili huandamana na uchafu, kidonda na dawa. Mfasiri akiwaeleza wafugaji wa samaki wa Thika na Ruiru kwamba kuna bakteria wanaomlinda chura, atasikika kama anayemsifu mwizi aliyeajiriwa kuwa bawabu. Msikilizaji huenda akakimbilia dawa ya kuua vijidudu na kuimimina kidimbwini.

Hata hivyo, ndivyo mambo yalivyo. Chura hunywa maji kwa ngozi, na kwa kiasi fulani hupumua kwayo. Kuvu iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis, iliyopewa jina mwaka 1999, huishambulia ngozi hiyo. Chumvi za mwili huvurugika na moyo husimama. Lakini ngozini humo huishi pia bakteria kama Janthinobacterium lividum, ambao hutoa kemikali ya zambarau inayoidumaza kuvu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, vyura wa California waliopewa bakteria hao walinusurika. Vyura wa dhahabu wa Panama walipojaribiwa baadaye, bakteria hawakudumu ngozini, na vyura wakafa.

Kenya haiko mbali na kisa hiki. Vyura wa kucha, jamii ya Xenopus, ni wenyeji wa madimbwi ya nyanda zake za juu. Ndugu yao wa Afrika Kusini alisafirishwa kwa maelfu tangu miaka ya 1930 kupimia mimba za wanawake, akaishia kuitwa mvamizi huko California, Chile na Ufaransa. (Mvamizi gani huyu aliyepakiwa melini?) Yeye huweza kuibeba kuvu bila kuugua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 uliikuta kuvu hiyo imeenea Kenya. Tanzania, iligunduliwa mwaka 2003 kwa chura wa Kihansi, ambaye tayari alikuwa amepunguziwa maji na bwawa la umeme. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini.

Neno “ukungu” halifai hapa, kwani Ruiru ukungu ni wa alfajiri juu ya mibuni. “Kuvu” ni bora. Kuhusu bakteria, upatanisho wa a-/wa- unastahili kupendelewa. “Bakteria hizi” ni doa la kufutwa. “Bakteria hawa” wana kazi wanayoifanya.