SOMO LA MWEZI: WALIOTAWANYIKA NA JIRANI YAO MCHINA

Masomo: Matendo ya Mitume 8:1-4 na 11:19-26



Mwezi huu tunajifunza habari za Wakristo wa China, walio kwao na walio ugenini. Najua mtu atauliza: mchungaji, sisi tunatafuta chakula cha watoto na pesa ya nyumba, China inatuhusu nini? Inatuhusu. Kila anayepanda basi hapa Nyabugogo kwenda kwa ndugu zetu wa kambi ya Mahama anapita katika barabara ya Rusumo, ambayo Wachina walikuja kuijenga miaka ya 1970. Vijana wetu wanabeba mchanga na saruji kwenye kazi zao. Na sisi tunawaita "Mchina" basi, jina la mtu hatulijui.

Tuanze na Neno. Stefano alipouawa, waamini walikimbia Yerusalemu, na kila walipofika walitangaza habari njema. Angalieni 8:1: mitume ndio waliobaki mjini. Kwa hiyo waliohubiri njiani walikuwa wakimbizi wa kawaida, akina mama na mafundi. Lakini 11:19 inatuonyesha udhaifu wao: wengi walisema na Wayahudi wenzao tu. Ni wachache, watu wa Kipro na Kirene, waliofika Antiokia wakathubutu kusema na Wayunani. Kutoka kwa hao wachache likatokea kanisa ambalo baadaye lilimtuma Paulo.

Sasa China. Injili ilifika huko zamani sana. Katika mji wa Xi'an kuna jiwe lililochongwa mwaka 781, linaloeleza kwamba mhubiri aitwaye Alopen alifika mwaka 635. Kanisa lile lilififia. Wamisionari Waprotestanti walianza na Robert Morrison mwaka 1807, na hadi mwaka 1949 Waprotestanti hawakuzidi kama milioni moja. Makanisa mengi yalitegemea shule, hospitali na fedha za misioni. Ndipo serikali ya Kikomunisti ikashika nchi, na katika miaka michache wamisionari wa kigeni waliondoka wote. Tangu mwaka 1966, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, milango ya makanisa ilifungwa, Biblia zikachomwa moto, wachungaji wakapelekwa gerezani na kwenye mashamba ya kazi ngumu.

Nitawaambia habari ya mmoja, Wang Mingdao wa Beijing. Alikamatwa mwaka 1955. Mwaka 1956 aliachiliwa, baada ya kutia sahihi maungamo aliyotakiwa kuyatoa. Dhamiri ikamsumbua vibaya, kama Petro baada ya jogoo kuwika. Akayakana maungamo yale, akarudishwa gerezani, na hakutoka mpaka mwaka 1980, akiwa mzee. Alifariki mwaka 1991. Mimi napenda habari hii kwa sababu si ya mtu ambaye hakuanguka.

Makanisa yalianza kufunguliwa tena mwaka 1979. Wengi duniani walidhani watakuta vikongwe wachache. Walikuta watu wengi kuliko walioachwa! Watu walikuwa wamekutana majumbani, kwa sauti ya chini, wakifundishana sura walizozishika kwa moyo. Mwaka 2018 serikali ya China yenyewe ilitoa hesabu ya Waprotestanti milioni 38, na wengine husema ni wengi zaidi. Ninyi wenye Biblia, tazameni kurasa za kwanza: huenda mkasoma kwamba imechapwa Nanjing, China. Kiwanda cha Amity cha mji huo kimechapa Biblia zaidi ya milioni 200, kwa lugha nyingi.

Msidhani taabu imekwisha kule. Mwaka huohuo wa 2018 sheria za dini zilikazwa, kanisa la Sayuni la Beijing likafungwa, na mchungaji Wang Yi wa Chengdu akakamatwa. Desemba 2019 alihukumiwa miaka 9. Hapa naomba tuwe wakweli. Mwaka 2018 makanisa zaidi ya 700 yalifungwa Kigali, na mwaka 2024 ukaguzi ukaja tena nchi nzima. Wengine wetu walipoteza mahali pa kuabudia, nami nimesikia mtu akisema "tumekuwa kama China". Hapana. Hapa tuliulizwa habari za majengo, kelele na vyeti vya wachungaji. Inauma, lakini hakuna aliyetuambia tumkane Yesu. Tutengeneze yanayotakiwa.

Turudi kwa Wachina walioko kwetu. Wale waliojenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, walikuja wakati makanisa ya kwao yamefungwa. Wengine kati yao wamezikwa Tanzania, kwenye makaburi ya Gongo la Mboto. Walikaa miaka katikati ya Wakristo wa Kiafrika. Je, wangapi walipata mmoja wa kuwaambia habari za Yesu? Leo wengine wanakuja na imani yao tayari; Nairobi wapo Wachina wanaokusanyika kuabudu kwa lugha yao. Yule msimamizi wa kofia ya njano anaweza kuwa ndugu yako katika Kristo, nawe hujui.

Lipo neno gumu, na siwezi kuliruka. Aprili 2022 mahakama hapa Rwanda ilimhukumu meneja mmoja Mchina wa mgodi miaka 20 jela, kwa kuwafunga na kuwapiga wafanyakazi aliowadai wizi. Vijana waliniuliza, tumpende mtu wa namna hiyo? Nawajibu: anayepigwa aende kwa sheria, Warumi 13 inasema mamlaka imewekwa kumwadhibu mtenda mabaya. Kunyamaza si upendo. Lakini kosa la mmoja tusilitandike juu ya taifa zima. Sisi tunajua vizuri inavyokuwa watu wakihukumu kabila lote kwa ajili ya mtu mmoja. Tumeyakimbia hayo.

Basi tufanye nini? Jifunze jina lake. Usimsalimie siku ya kuomba kazi tu. Usiibe hata mfuko mmoja wa saruji, maana ushuhuda wako huanzia hapo. Akiugua, mtembelee na chai. Hubiri ndefu hataielewa, lakini simu nyingi siku hizi zinaweza kumfungulia Injili ya Yohana kwa Kichina.

Maswali ya kujadili nyumbani: Kwa nini wengi katika 11:19 walisema na watu wa kwao tu? Je, ushirika wetu una kabila ngapi, na nani hajawahi kualikwa? Tukipoteza jengo na mchungaji leo, ni sura gani ya Biblia watoto wetu wameshika kwa moyo?