Ruzuku ya mawasiliano: zahanati ya kijijini inaombaje?

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia maji, vyoo na lishe. Leo tuzungumzie mtandao wa simu, kwani nao huokoa roho. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache. Zahanati ikikosa mtandao, mhudumu hulazimika kumwacha mgonjwa akapande kilimani kutafuta mawasiliano.

Wapo wanaouliza: je, zahanati inaweza kuomba ruzuku ya simu na intaneti? Huko Marekani inawezekana. Kufuatia sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996, vituo vya afya vya vijijini visivyo vya biashara huomba vyenyewe, na mpango mmojawapo hulipia asilimia 65 ya gharama ya intaneti.

Kwetu Tanzania utaratibu ni mwingine. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Mfuko huu haiupi zahanati fedha. Hutangaza zabuni kwa kata zisizo na mawasiliano, na kampuni ya simu iliyokidhi masharti na kuomba ruzuku ndogo zaidi ndiyo hupewa kazi ya kujenga mnara. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata 713, kwa ruzuku ya takriban shilingi bilioni 126.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuhakikisha kata yetu inajulikana. Hatua ni hizi:

1. Mkutano mkuu wa kijiji ujadili tatizo na liandikwe kwenye muhtasari.

2. Yatajwe mambo mahususi: vitongoji visivyo na mtandao, idadi ya kaya, zahanati na shule zilizopo, na umbali hadi mahali simu inaposhika. Kusema tu "mtandao ni mbovu" hakutoshi.

3. Muhtasari upite Kamati ya Maendeleo ya Kata, ufike Halmashauri, na nakala apewe mbunge. Kisha ufuatiliwe.

4. Gharama ya intaneti ya zahanati ni jambo jingine. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vilianza kupokea fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja katika akaunti zao. Mwambie mjumbe wenu wa kamati ya usimamizi wa kituo aipeleke hoja hiyo wakati wa kuandaa mpango wa mwaka.

Sisi wa Mabawe na Ngara kwa jumla tuna jambo la ziada. Wilaya yetu inapakana na Rwanda na Burundi, na mara nyingine simu hudaka mtandao wa nchi jirani. Salio huisha haraka, na namba fupi ya dharura huenda isikufikishe Tanzania. Ingia kwenye mipangilio ya simu, uchague mwenyewe kampuni yako ya hapa nchini. Jambo hili nalo liandikwe kwenye muhtasari.

Namba ya kuhifadhi katika kila nyumba ni 115. Ni ya bure, ya mpango wa m-mama ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022. Anayepokea huita gari la wagonjwa, au dereva wa kijijini aliyesajiliwa, kumpeleka mjamzito, mzazi au mtoto mchanga hospitali. Jaribuni mapema kujua ni wapi hapo nyumbani simu inashika.

Ndugu Waislamu, yupo atakayesema ajali imeshaandikwa. Lakini Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Kuhudhuria mkutano wa kijiji ni sehemu ya kumfunga ngamia. Maimamu watangaze siku ya mkutano baada ya swala ya Ijumaa, na akina mama wasiachwe nyuma, kwani wao ndio wanaojifungua usiku.

Wabillahi Tawfiq.